Jinsi ya Kuandika Historia ya Gazeti la Jimbo la Marekani Ukiwa Dodoma

Chagua gazeti moja, na lisiwe New York Times. Ndivyo ninavyowaambia wanafunzi wa uandishi wa habari wanaokuja na flashi zao kuchapisha kazi kwenye steshenari yangu hapa Ng'ong'ona. Mhadhiri akisema "andika historia ya gazeti la kila siku la Marekani", wengi hukimbilia jina kubwa. Jina kubwa limeshaandikwa na kila mtu, kwa hiyo mwanafunzi hana la kufanya ila kunakili. Gazeti la jimbo lina nafasi. Wamiliki wake unaweza kuwafuata mmoja mmoja, wapinzani wake ni wawili watatu, na mji wake si mkubwa kiasi cha kukupotea.

Kabla hatujahamia huku, wizara zilipohama Dar es Salaam, nilikuwa msahihishaji wa prufu kwenye kiwanda cha uchapaji. Kazi ile humzoesha mtu kusoma gazeti kuanzia chini: bei, tarehe, anwani, jina la mchapishaji, matangazo madogomadogo, ndipo habari kubwa. Njia ninayoieleza hapa ni hiyo, na naamini ni njia ya haki. Gazeti likijisimulia lenyewe siku ya kutimiza miaka mia, husimulia wahariri mashujaa na mafuriko ya mwaka fulani. Maandishi madogo ndiyo yanayosema nani alilipa, nani aliuza, na nani hakutajwa kabisa.

Mfano wangu ni Arkansas Gazette la Little Rock. Ukiwa na gazeti lako jingine, fuata hatua hizihizi.

Mwanzo: tafuta nani alilipia uchapaji

William Woodruff, fundi chapa kijana kutoka Long Island, New York, alifika Arkansas Post mwaka 1819 na mashine yake ya kuchapa, sehemu ya mwisho ya safari akiipitisha mtoni kwa mitumbwi. Toleo la kwanza la Gazette likatoka tarehe 20 Novemba mwaka huo. Eneo lenyewe la Arkansas lilikuwa jipya, Serikali ya Marekani imelitenga mwaka huohuo, watu wachache na barabara za kubahatisha. Mwanafunzi akiniletea sentensi kwamba Woodruff "alitaka kuelimisha umma", namrudisha akafikiri tena. Wasomaji wa kule wasingetosha kumlisha fundi chapa na vijana wake.

Jibu liko kwenye kazi nyingine za mashine ileile. Woodruff alipata kazi ya kuichapia serikali ya eneo sheria zake na matangazo yake rasmi. Mwaka 1821 makao makuu yalipohamishwa kutoka Arkansas Post kwenda Little Rock, mji uliokuwa ndiyo kwanza unaanza, Gazette nalo likafunga mizigo na kufuata. Mtu wa Dodoma haelezwi jambo hili mara mbili. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa 1973, wizara zikaja kwa kishindo kuanzia 2016, na nyuma ya wizara tukaja sisi wa fotokopi, mihuri, bahasha na mabango. Kwa hiyo jiulize mapema: mashine ya gazeti hili ilichapa nini kingine, na bili ilikwenda kwa nani? Pata jibu kabla hujaandika lolote kuhusu wahariri.

Na matangazo ya wakati ule usiyaruke. Katika miongo ya kwanza ya Gazette utakuta matangazo ya watumwa waliotoroka: jina, umri, kovu liko wapi, zawadi ni dola ngapi. Hilo lilikuwa pato la gazeti. Liandike kwenye sehemu ya mapato, waziwazi, usilifiche katika aya ya "changamoto za wakati huo". Sisi tunaoishi kwenye njia ya zamani ya misafara, iliyokatiza Ugogo kuelekea pwani karne hiyohiyo, tuna sababu ya kuyasoma matangazo yale taratibu.

Majina: chora ukoo wake

Magazeti huungana, hutengana na kubadili jina, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Lalisha karatasi ya A4, chora mstari wa miaka juu, kisha kila jina lipe kisanduku chake: mwaka wa kuanza, mwaka wa kuisha, na mshale kwenda kwenye jina lililofuata.

Gazette lina mtego mzuri wa kujifunzia. Woodruff aliliuza, akalirudia, akaliuza tena. Mwaka 1846 alianzisha gazeti jingine, Arkansas Democrat, na mwaka 1850 akayaunganisha, jina likawa Arkansas State Gazette and Democrat. Democrat hilo si lile lililoanza 1878 na kuja kuwa mpinzani mkubwa wa Gazette. Kijana mmoja aliniuliza dukani, karatasi zikiwa bado za moto kutoka kwenye mashine: "Mama, kwa hiyo hawa waliungana 1850, wakagombana 1878, wakaungana tena 1991?" Nikamwambia, "Mwanangu, hao ni Democrat wawili. Wape visanduku viwili." Akachora upya palepale juu ya kaunta, na hadithi yake yote ikanyooka.

Ili usichanganye, tumia namba. Maktaba ya Bunge la Marekani ina orodha ya magazeti ya nchi hiyo kuanzia 1690 hadi leo, na kila jina lina namba yake ya maktaba. Orodha hiyo ni ya bure, iko pamoja na mkusanyiko wao wa kurasa za magazeti ya zamani uitwao Chronicling America. Ukifungua jina la gazeti, utaoneshwa pia jina lililolitangulia na lililolifuata. Nakili namba kwenye kila kisanduku. Wawili wakiwa na namba tofauti, usiwaandike kama mmoja mpaka uoneshe wapi walikutana.

Mapengo nayo yachore. Jeshi la Muungano, yaani la upande wa Kaskazini, lilipoiteka Little Rock mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Gazette liliacha kutoka, likarudi 1865. Wanafunzi wengi huandika "limetoka mfululizo tangu 1819" kwa sababu wamekuta sifa hiyo mahali.

Ukitaka kuzoea, chora kwanza la kwetu. Tanganyika Standard lilianza 1930 Dar es Salaam, likataifishwa 1970 likiitwa The Standard, na 1972 likaunganishwa na The Nationalist kuwa Daily News. Ukishaweza kuuchora ukoo huo bila kufuta, wa Arkansas hautakushinda.

Maandishi madogo

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko penginepo, na nakuomba nawe ukae.

Mwaka 1912 Marekani ilipitisha sheria kwamba gazeti linalotaka nauli nafuu ya posta lazima lichape tamko la kiapo lenye majina ya mhariri, mchapishaji, wamiliki, na wale wanaolidai gazeti fedha. Magazeti ya kila siku yalitakiwa kutaja pia wastani wa nakala. Hapo mwanzo tamko lilitolewa mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba; baadaye likawa la mara moja, karibu na Oktoba. Kwa hiyo huna haja ya kupekua mwaka mzima. Fungua kurasa za wiki za kwanza za Aprili na za Oktoba, pita kurasa za ndani, na utakuta kisanduku kidogo chenye herufi za kuumiza macho. Kikuze kwenye skrini mpaka kisomeke.

Kisha chukua matamko ya miaka kumi mfululizo, andika majina moja chini ya jingine. Angalia hasa mstari wa wadai. Jina la benki au tajiri likikaa kwa wadai miaka mitatu, mwaka wa nne likahamia kwa wamiliki, umepata kisa ambacho gazeti lenyewe lisingekiweka ukurasa wa mbele. Wastani wa nakala ukishuka ghafla, rudi miezi sita nyuma usome tahariri na matangazo makubwa: nani ameacha kutangaza?

Kwa miaka ya kabla ya 1912 tumia vitabu vya mwaka vya mawakala wa matangazo. George Rowell alianza kutoa orodha yake 1869, na kampuni ya N. W. Ayer & Son ikaanza ya kwake 1880. Ayer hukupa mji, idadi ya watu wake, siku gazeti linapotoka, msimamo wake wa kisiasa, mwaka lilipoanzishwa, bei na nakala. Matoleo mengi ya zamani yamewekwa mtandaoni bure. Kuwa mwangalifu na idadi ya nakala: wenye magazeti walikuwa wakijipandishia ili wauze matangazo kwa bei nzuri. Kuanzia 1914, kilipoundwa chombo cha kukagua mauzo ya magazeti, idadi zinaaminika zaidi. Za kabla ya hapo ziandike hivi: "gazeti lilidai kuuza nakala kadhaa". Neno "lilidai" linatosha.

Kwa Gazette, matamko yanaonesha kitu cha ajabu kwa kufanana kwao. Familia ya Heiskell ilinunua gazeti 1902, na J. N. Heiskell akawa mhariri hadi alipofariki Desemba 1972, akiwa na umri wa miaka 100. Miaka sabini, jina lilelile. Usikiandike kama kioja cha uzee. Maana yake ni kwamba mwenye gazeti na mwenye kuamua msimamo wake walikuwa mtu mmoja, asiye na bodi ya mbali ya kumuuliza kwa nini faida imepungua. Jambo hilo utalihitaji ukifika 1957.

Jingine la haraka: hesabu safu. Magazeti mengi ya Marekani yalikaa na safu nane kwa miongo mingi, kisha kuanzia miaka ya 1970 yakaelekea sita. Safu zikibadilika, au herufi za habari zikibadilika, kuna mashine mpya, mmiliki mpya au bei mpya ya karatasi. Tarehe hiyo iandike pembeni.

Weka zaidi ya gazeti moja mezani

Historia ya gazeti iliyoandikwa kwa kulisoma gazeti hilo tu ni ushahidi wa upande mmoja. Chukua wiki moja tu, ile ya mwanzo wa Septemba 1957, usome magazeti matatu ya Little Rock.

Mahakama ilikuwa imeamuru shule ya sekondari ya Central ipokee wanafunzi weusi, tisa wakachaguliwa kuanza. Gavana Orval Faubus akapeleka askari wa ulinzi wa jimbo kuwazuia. Gazette, likiongozwa na mhariri mtendaji Harry Ashmore, lilimpinga gavana. Soma tahariri zenyewe na utaona hoja yake ilikuwa kwamba amri ya mahakama itiiwe na mji usiingie kwenye vurugu. Halikuwa gazeti la harakati. Hata hivyo wasomaji wengi weupe walilisusa na matangazo yakapotea. Mwaka 1958 likapata tuzo mbili za Pulitzer, moja ya utumishi kwa umma na nyingine ya Ashmore ya uandishi wa tahariri. Orodha ya washindi wa tuzo hizo tangu 1917 iko kwenye tovuti yao, hivyo huna sababu ya kukosea mwaka wala kundi.

Sasa fungua Arkansas Democrat. Picha inayojulikana zaidi ya tukio lile, ya Elizabeth Eckford, msichana wa miaka 15, akitembea peke yake na vitabu vyake huku umati ukimzomea nyuma tarehe 4 Septemba, ilipigwa na Will Counts, mpiga picha wa Democrat. Mwanafunzi akiipachika kwenye kazi yake na kuandika chini "Picha: Gazette", namzuia asichapishe kwanza.

La tatu ndilo linalosahaulika, nami nalishikilia. Arkansas State Press lilikuwa gazeti la wiki la watu weusi, lililoanzishwa 1941 na L. C. Bates na mkewe Daisy Bates. Daisy Bates ndiye aliyewashika mkono wale wanafunzi tisa. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa kituo chao. Watangazaji walilikimbia gazeti lake, na mwaka 1959 likafungwa. Gazette lilipata hasara na tuzo. State Press lilipata hasara na kufa. Ukiandika 1957 bila State Press, umeandika jinsi mji wa weupe ulivyojiona. Kurasa zake zimo kwenye Chronicling America, bure.

Rudi pia nyuma, kwa sababu gazeti lililosimama vizuri mwaka mmoja huenda lilianguka mwaka mwingine. Mwishoni mwa Septemba 1919, huko Elaine, kusini-mashariki mwa Arkansas, wakulima weusi waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno walikutana kanisani kupanga namna ya kudai bei halali ya pamba yao. Walishambuliwa, na Wamarekani weusi wengi wakauawa katika siku zilizofuata. Gazette, kama magazeti mengine ya weupe, lilibeba maelezo ya wakubwa kwamba weusi walikuwa wamepanga uasi. Mwandishi Ida B. Wells alikwenda kuwaona wafungwa na mwaka 1920 akachapa maelezo yao wenyewe. Mwaka 1923 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa uamuzi uliowapa nafuu waliokuwa wamehukumiwa kifo. Weka kurasa za Gazette upande mmoja, maelezo ya Wells upande wa pili, na andika tofauti mstari kwa mstari. Kazi ya namna hiyo ina thamani kuliko kurasa ishirini za majina ya wahariri.

Lilivyokufa

Sehemu hii ni hesabu zaidi kuliko maneno, nayo ni fupi ukizipanga tarehe. Familia ya Hussman ilinunua Democrat 1974, likiwa gazeti la jioni linalodidimia. Mwishoni mwa 1978 likaanza kutoa matangazo madogomadogo bure kwa wananchi, na 1979 likahamia kutoka asubuhi, uso kwa uso na Gazette. Desemba 1984 Gazette likalishtaki kwa sheria za ushindani wa biashara. Machi 1986 likashindwa. Mwaka huohuo wamiliki wakaliuza kwa Gannett, kampuni ya USA Today. Tarehe 18 Oktoba 1991 likatoka toleo la mwisho, mali zikanunuliwa na Hussman, na kesho yake likazaliwa Arkansas Democrat-Gazette.

Mkazo wako uwe kwenye yale matangazo madogomadogo. Mtu anayeuza kitanda au anayetafuta chumba ndiye aliyekuwa akifungua gazeti kila asubuhi, na aliyempoteza mtu huyo alipoteza wasomaji na pato kwa mpigo mmoja. Sauti za waliokuwamo utazipata kwenye mahojiano ya wafanyakazi wa zamani wa Gazette na Democrat yaliyokusanywa na Kituo cha David na Barbara Pryor cha Chuo Kikuu cha Arkansas. Maandishi yake yamewekwa bure. Soma ya waandishi, lakini tafuta pia ya watu wa matangazo na wa mitambo.

Mambo ya bando na saa

Kurasa za magazeti ya zamani ni picha nzito. Pakua PDF ya ukurasa mmoja unaouhitaji, usifungue toleo zima kwa bando la siku. Faili lipe jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, kisha gazeti na ukurasa, mfano 1957-09-04-Gazette-uk1, yatajipanga yenyewe. Utafutaji kwa maneno hutegemea mashine iliyosoma picha chakavu, kwa hiyo hukosea herufi. Ukikosa jina la mtu, tafuta jina la mtaa, la kampuni, au fungua tarehe uisome kwa macho. Si kila gazeti kurasa zake ziko bure. Mengi yako kwenye huduma za kulipia, na hapo ndipo inapofaa kumwandikia mkutubi.

Mwandikie. Maktaba ya Bunge ina huduma ya kuuliza wakutubi bila malipo, na Nyaraka za Jimbo la Arkansas ziko Little Rock. Swali liwe moja, lenye tarehe: "Naomba tamko la umiliki la Oktoba 1931." Ukiomba "historia yote ya gazeti" utapata jibu la jumla. Kumbuka saa: Little Rock iko nyuma yetu kwa saa tisa, au nane wakati wa kiangazi chao. Wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, hapa ni saa kumi na mbili jioni, au kumi na moja. Tuma barua pepe alasiri, waikute mezani.

Kuandika na kusoma prufu

Usianze na "Gazeti ni chombo muhimu". Anza na ukurasa mmoja uliousoma, utaje tarehe na kilichopo juu yake. Endelea kwa mpangilio wa wamiliki, kwa sababu kila mmiliki alibadilisha kitu kinachoonekana kwenye ukurasa. Palipo na ugomvi wa ushahidi, yataje magazeti yote mawili kwa majina. Ukiishia 1991, ongeza aya moja ya yaliyofuata: kufikia 2020 Democrat-Gazette lilikuwa limeacha kupeleka karatasi za siku za wiki kwa wasomaji wake wengi, likiwapa kishikwambi cha kusomea na kubakiza la karatasi la Jumapili.

Prufu isomwe na watu wawili. Mmoja ashike chanzo, mwingine asome kazi kwa sauti, pamoja na nukta, mikwaju na tarehe. Mzunguko wa kwanza soma namba tu, wa pili majina tu, wa tatu sentensi. Kagua Woodruff ana f mbili, Heiskell ana l mbili, na kila Democrat lina mwaka wake pembeni. Tarehe 18 na 19 Oktoba 1991 ziguse kwa kalamu moja moja, maana nimeona zikibadilishana nafasi kwenye kazi nyingi. Ukimaliza, hifadhi kama PDF ndipo uilete, ili herufi zisihame kwenye mashine yangu.